Chuma, feleji, shaba na alumini: kutaja na kuchagua metali katika gitaa la kanyagio

Makala haya yanahusu maneno ya metali yanayochanganywa mara kwa mara katika tafsiri za ufundi: chuma, chuma cha pua, feleji, shaba, bati, alumini, pamoja na sifa zake: ugumu, ukakamavu na uimara. Mfano tuliouchagua ni gitaa la kanyagio, kwa kuwa ala hiyo hukusanya karibu metali zote hizo ndani ya sanduku moja, na kila moja huwekwa mahali pake kwa sababu maalumu. Anayeijenga hununua malighafi kwa maneno aliyoyasoma. Neno likiwa pana mno, atanunua kitu kingine; na metali ikishakatwa, duka haliirudishi.

Jina la ala

Gitaa la kanyagio ni ala ya nyuzi isiyopakatwa. Husimama juu ya miguu minne mfano wa meza nyembamba. Mpigaji huketi nyuma yake, hutelezesha kipande cha feleji juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto, hudonoa kwa mkono wa kulia, na hubadilisha sauti ya nyuzi mojamoja kwa kukanyaga makanyagio na kusukuma nyenzo kwa magoti.

Jina lake la Kiingereza lina neno lenye maana ya feleji, na kosa la kwanza la tafsiri huanzia hapo. «Gitaa la chuma» humfanya msomaji afikirie gitaa lililotengenezwa kwa chuma, ilhali feleji inayotajwa ni ile iliyo mkononi mwa mpigaji. Upigaji huu ulianzia visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyelilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Makanyagio yalikuja baadaye, Marekani bara. Yalipata umaarufu mwaka 1954 kwa santuri ya Webb Pierce iitwayo «Slowly», ambamo Bud Isaacs alisikika akibadilisha sauti ya nyuzi kwa kanyagio huku zikiendelea kulia. Barani Afrika ala hii ilisikika katika muziki wa juju wa Nigeria: Demola Adepoju aliipiga katika bendi ya King Sunny Adé, ikiwamo albamu ya «Juju Music» ya mwaka 1982.

Tunapendekeza «gitaa la kutelezesha» liwe jina la jamii nzima ya ala hizi, na «gitaa la kanyagio» liwe jina la ile yenye makanyagio. Majina yote mawili hutaja kitendo kinachoonekana, wala hayamdanganyi msomaji kuhusu malighafi.

Safari ya mvuto, kutoka mguuni hadi kwenye uzi

Haiwezekani kuchagua metali ya sehemu kabla ya kujua sehemu hiyo inafanya kazi gani. Gitaa la kawaida huwa na shingo moja au mbili, na kila shingo huwa na nyuzi kumi zenye urefu unaolia wa takriban sentimita 61. Nyuzi hizo kumi, zikishakazwa, huvuta mwili wa gitaa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 110 hadi 140.

Mpigaji akikanyaga kanyagio, ufito wima huvuta shafti mtambuka iliyolala chini ya sanduku. Shafti huzunguka kidogo, na kikono kilichofungwa juu yake huvuta ufito wa kuvuta. Ufito huo huvuta kidole, yaani kipande kidogo chenye kichwa cha mviringo ambacho uzi umepita juu yake. Kidole huzunguka juu ya ekseli na kuuvuta uzi, nao hupanda kwa nusutoni moja au mbili. Kanyagio likiachwa, uzi hurudi ulipokuwa. Ikiwa badiliko lilikuwa la kuushusha uzi, springi ndiyo inayomrudisha kidole mahali pake. Upande wa pili wa gitaa, karibu na vigingi vya kukazia, kila uzi hupita juu ya roda yake: kigurudumu chenye mfuo, jamaa wa roda ya jahazi kwa umbo na kwa kazi. Mabamba mawili ya ubavuni hufunga sanduku lote.

Maneno mawili yahitaji tahadhari hapa. Kwanza, Kiingereza hutumia neno moja kwa nati ya bolti na kwa kizuizi ambacho nyuzi hupita karibu na vigingi. Kiswahili hakina haja ya kuurithi utata huo: cha kwanza kiitwe «nati», cha pili kiitwe «kizingiti cha nyuzi». Pili, kifaa kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme kisiitwe «pikapu», kwa kuwa Mswahili akisikia neno hilo huona gari. «Kinasa cha sumaku» hueleza kifaa na kazi yake kwa pamoja.

Chuma, feleji na chuma cha pua

Neno «chuma» hubeba maana tatu kwa uchache. Ni elementi yenye alama Fe. Ni metali yoyote, kama katika «chuma chakavu», ambapo mnunuzi hupima pamoja feleji, alumini na shaba. Ni tena kifaa kilichofanywa kwa metali, kama katika «kunyanyua vyuma». Katika mazungumzo upana huo ni utajiri. Katika maelekezo ya ufundi ni hatari, kwa sababu hakuna sehemu hata moja ya gitaa hili inayoweza kuagizwa kwa neno «chuma» pekee.

«Feleji» ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, chini ya asilimia 2 kwa uzito. Waya wa nyuzi za ala, kwa mfano, huwa na kaboni ya kati ya asilimia 0.7 na 1. Wapo wanaoliona neno hili kuwa la mapanga ya tenzi, lisilofaa karakana. Hoja hiyo ni dhaifu. Upanga wa feleji ulithaminiwa kwa sababu zile zile zinazomfanya fundi wa leo aitafute feleji: hushika makali, na hupinda kidogo ukarudi. Neno lililokwisha kuwamo katika lugha, lenye maana moja, fupi na lisilogongana na jingine, ndilo istilahi bora.

«Chuma cha pua» ndicho chenye mgogoro mkubwa zaidi. Katika matumizi ya zamani ni feleji ya aina yoyote. «Pua» hapa ni jina la metali, si kiungo cha uso. Katika matangazo ya leo ya sufuria, masinki na matangi, maana yake imekuwa feleji isiyoshika kutu, yaani ile yenye kromu isiyopungua asilimia 10.5. Maana zote mbili ziko hai, na wasomaji wawili wa rika tofauti wanaweza kuusoma mwongozo mmoja wakanunua vitu viwili. Mwandishi akisema «ekseli ya chuma cha pua», wa kwanza ataleta feleji ya kaboni, wa pili ataleta feleji isiyoshika kutu, na kila mmoja atakuwa na kamusi ya kumtetea.

Tunapendekeza hivi: «feleji» kwa jamii yote, «feleji ya kaboni» na «feleji isiyoshika kutu» kwa matawi yake, na «chuma cha pua» kibaki katika lugha ya kawaida, pasipo agizo la kununua. Penye agizo, namba ya daraja ifuate jina. Feleji isiyoshika kutu ya 303 ina salfa iliyoongezwa ili ikerezeke kwa urahisi, kwa hiyo inafaa vipande vidogo vinavyotoka kwenye mashine ya kukereza. Ile ya 304 hustahimili kutu vizuri zaidi lakini humsumbua mkerezaji. Jina bila namba ni nusu ya agizo.

Ugumu, ukakamavu, uimara

Mlango tunaoamini hakuna mngine anayoupuuza mfasiri kama huu ni wa sifa. Katika mazungumzo, kivumishi «-gumu» hutosheleza mahitaji yote: jiwe gumu, mti mgumu, mkate mgumu. Mhandisi hutenganisha sifa tatu, na gitaa la kanyagio huzitenganisha kwa masikio.

Ugumu ni uwezo wa uso kukataa kukwaruzwa na kubonyezwa. Ukakamavu ni uwezo wa kitu kukataa kupinda wakati mzigo ungali juu yake. Uimara ni kiasi cha mzigo ambacho kitu hubeba kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika. Kitu kinaweza kuwa na sifa moja kikakosa nyingine: kioo ni kigumu, lakini si imara kikipigwa.

Chukua ekseli inayobeba vidole kumi. Mpigaji akikanyaga na kuvuta nyuzi mbili, ekseli na mwili mzima wa gitaa hupinda kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Nyuzi nyingine nane, ambazo hakuna aliyezigusa, hulegea kidogo na sauti yake hushuka. Wapigaji huchukizwa sana na kasoro hiyo, na tiba yake ni ukakamavu. Sasa mfasiri akiandika «tumia chuma kigumu ili ekseli isipinde», fundi atakwenda kuipika na kuizimisha feleji yake ili iwe ngumu. Itakuwa ngumu kweli, na itapinda vilevile. Ukakamavu wa feleji hukaribia gigapaskali 200, iwe imegumishwa au la. Kinachopunguza kupinda ni unene: ekseli ya mviringo ikiongezwa kipenyo mara mbili, ukakamavu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara 16. Ugumu wa ekseli una faida yake nyingine, nayo ni kuzuia uso usilike pale vidole vinapozunguka juu yake miaka na miaka.

Neno moja lililokosewa, basi, huzalisha kazi nzima isiyo na faida.

Alumini

Maumbo «alumini» na «aluminiamu» yote yanatumika. Mwandishi achague moja alishike hadi mwisho. Makala haya yanatumia «alumini».

Uzito wake ni gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, dhidi ya gramu 7.8 hivi za feleji. Ndiyo sababu mabamba ya ubavuni, vikono na mara nyingi vidole hufanywa kwa alumini: ala hii hubebwa kutoka ukumbi hadi ukumbi, na kila gramu huhesabiwa na mgongo wa mpigaji. Ukakamavu wake ni kama gigapaskali 70, karibu theluthi moja ya ule wa feleji, hivyo bamba la alumini lazima liwe nene zaidi ili kufikia kazi ile ile.

Alumini ya sufuria na alumini ya bamba la gitaa hazifanani kwa uimara. Alumini iliyo karibu na usafi kamili ni laini na hubonyea. Aloi ya 6061, iliyotiwa magnesi na silikoni kisha ikapitishwa kwenye joto maalumu, hubeba mzigo mara kadhaa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja. Hata hivyo ukakamavu wa hizo mbili ni karibu sawa. Somo la sehemu iliyotangulia linarudi hapa kwa sura nyingine.

Msamiati wa kutengeneza nao una mipaka yake. «Kufua» ni kupiga metali kwa nyundo, kazi ya mhunzi. «Kusubu» ni kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu. «Kukereza» ni kuchonga kwa mashine huku kipande kikizunguka. Bamba la kusubu laweza kuwa na vitundu vya hewa ndani yake. Bamba lililochongwa kutoka kwenye kipande kizima halina hatari hiyo, ila hupoteza malighafi nyingi. Mwongozo ukisema tu «bamba lililotengenezwa kwa alumini», umemficha fundi uamuzi wa maana.

Jambo jingine ni joto. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi, alumini hurefuka sehemu 23 kwa milioni, feleji ya kaboni sehemu 12. Shingo ya alumini yenye urefu wa sentimita 61 ikipata joto la ziada la digrii 10, hurefuka takriban milimita 0.14; feleji ya urefu huo huo hurefuka nusu ya hapo. Tofauti hiyo ndogo yatosha kusikika, na ndiyo maana baadhi ya magitaa yenye shingo za alumini huhitaji kulinganishwa upya chini ya taa kali au juani. Wanaozipenda huzisifu kwa mlio wake. Wanaozikimbia huchagua mbao.

Shaba

Hapa Kiswahili hugawa kwa rangi, na ufundi hugawa kwa mchanganyiko. «Shaba» hutaja elementi yenye alama Cu, na pia aloi zake. Jimbo la Katanga, lenye migodi ya elementi hiyo na wasemaji wengi wa Kiswahili, liliitwa Shaba kati ya 1971 na 1997. Kwa upande mwingine, «medali ya shaba» ya michezo hutaja aloi ya shaba na bati. Kitasa cha mlango kinachoitwa cha shaba huwa mara nyingi ni aloi ya shaba na zinki. Vitu vitatu, jina moja.

Kwa matumizi ya kiufundi tunapendekeza «shaba nyekundu» kwa elementi yenyewe, «shaba ya zinki» kwa ile aloi ya manjano, na «shaba ya bati» kwa ile ya medali na ya bushi za mashine. Majina mawili ya mwisho hutaja kilichomo ndani, hivyo hayategemei macho ya msomaji wala mwanga wa duka.

Katika gitaa, shaba nyekundu huingia kama waya mwembamba uliozungushwa ndani ya kinasa cha sumaku, kwa kuwa hupitisha umeme vizuri. Shaba ya zinki hutumika kwa roda na, kwa baadhi ya mafundi, kwa vikono. Sababu yake ni mkwaruzano. Metali mbili za aina moja zikisuguana bila mafuta hung'ang'aniana; feleji isiyoshika kutu juu ya nyenziwe ni maarufu kwa tabia hiyo, na alumini juu ya alumini vilevile. Roda ya shaba ya zinki juu ya ekseli ya feleji huteleza kwa upole, na uzi uliovutwa hurudi mahali pake bila kukwama. Uzi usiporudi sawasawa, mpigaji husikia noti yenye kasoro kila anapoachia kanyagio. Gharama yake ni uzito: shaba ya zinki huzidi hata feleji, gramu 8.5 hivi kwa sentimita ya ujazo.

Bati, nikeli, kromu: metali za kuchovya

«Bati» ni elementi yenye alama Sn, lakini «mabati» ya paa ni feleji iliyofunikwa kwa zinki. Mfasiri asidhani wingi wa neno hili ni wingi tu. Ndani ya gitaa, bati la kweli lipo: nyuzi zisizozungushiwa waya wa pili kwa kawaida ni feleji yenye kaboni nyingi iliyochovywa bati ili isishike kutu upesi.

Kwa kufunika metali moja kwa utando mwembamba wa nyingine, Kiswahili kina kitenzi cha wazi: «kuchovya». Mkufu wa kuchovya, kila sonara anaujua. Kitenzi ni kile kile cha methali ya mchovya asali asiyechovya mara moja, na ufundi nao hufanya hivyo: kromu huwekwa juu ya tabaka la nikeli lililotangulia. «Kupaka» kuachiwe rangi na mafuta.

Katika agizo, jina la utando na jina la kiini yote mawili yaandikwe: «kidole cha shaba ya zinki kilichochovywa kromu», «kipande cha feleji kilichochovywa kromu». Kromu ni ngumu, hivyo hukinga kichwa cha kidole kisichimbwe na uzi. Utando huo ukiisha, uzi huchimba mfuo juu ya kidole, sauti huanza kuvuma kwa mkwaruzo, na uzi hukatika mapema. Uzi wa tatu katika mpangilio uitwao E9, wenye unene wa milimita 0.28 tu na unaolia G kali, huvutwa karibu na kikomo chake. Ndio hukatika kwanza, na hukatikia juu ya kidole.

Sumaku kama shahidi

Kinasa cha sumaku husikia uzi kwa sababu uzi huisumbua sumaku yake. Kwa hiyo uzi lazima uwe wa metali inayovutwa na sumaku. Nyuzi za gitaa la mbao zilizozungushiwa shaba ya bati hutoa sauti dhaifu hapa, kwa kuwa ni kiini chake cha feleji pekee kinachosikika. Gitaa la kanyagio huhitaji nyuzi zilizozungushiwa feleji iliyochovywa nikeli, nikeli yenyewe, au feleji isiyoshika kutu ya aina inayovutwa.

Maneno hayo ya mwisho yana sababu. Sokoni husemwa kwamba kitu kisichoshikwa na sumaku ndicho kisichoshika kutu. Kanuni hiyo ni kweli kwa daraja za 304 na 316, ambazo karibu hazivutwi kabisa. Daraja la 430 huvutwa, na halishiki kutu kirahisi. Kutovutwa na sumaku hakuthibitishi kutoshika kutu; namba ya daraja ndiyo ithibati.

Kutu na kuliwa

«Kutu» kwa maana halisi ni ya chuma na feleji: rangi ya udongo mwekundu, huvimba na kubanduka. Alumini haipati kutu ya namna hiyo. Uso wake hujifunika wenyewe kwa utando mwembamba unaoikinga. Hata hivyo, alumini iliyofungwa kwa skrubu za feleji isiyoshika kutu, mahali penye unyevu wa chumvi, huliwa na kuacha unga mweupe kuzunguka skrubu. Kitenzi «kuliwa» kinatosha, nacho kinaeleweka na fundi na mwanafunzi. Mwandishi akisema «alumini haishiki kutu» na kuishia hapo, amesema kweli iliyo pungufu. Tiba ni kuzitenga metali hizo mbili kwa washa ya nailoni au grisi, au kuunenepesha utando wa alumini kwa umeme ndani ya tindikali kabla ya kufunga.

Sehemu kwa sehemu

Kipande cha kutelezesha: feleji isiyoshika kutu, au feleji iliyochovywa kromu. Kipenyo cha milimita 22 hadi 25 hivi. Uzito wa gramu 200 na zaidi. Alumini ni nyepesi mno, uzi hutatarika chini yake. Shaba ya zinki huchimbwa na nyuzi.

Ekseli ya vidole: feleji, nene kadiri nafasi inavyoruhusu, uso uliogumishwa na kung'arishwa.

Vidole: alumini ya aloi kwa wepesi, au shaba ya zinki au feleji iliyochovywa kromu kwa uso usiochimbika.

Fito za kuvuta: feleji isiyoshika kutu, kipenyo cha milimita 2.4 hivi, iliyonyooka kabisa. Ufito uliopinda hunyooka kwanza ndipo uvute, na mguu huhisi uzembe huo.

Shafti mtambuka: alumini ya aloi au feleji isiyoshika kutu. Isipotoke inapozungushwa.

Vikono: alumini ya aloi au shaba ya zinki.

Roda za kizingiti: shaba ya zinki au feleji, kila moja ikiwa na mfuo unaolingana na unene wa uzi wake ili nyuzi zote zilale usawa mmoja.

Mabamba ya ubavuni: alumini ya kusubu au ya kuchongwa, itajwe ipi.

Sentensi za mfano

Yenye utata: Tengeneza ekseli kwa chuma kigumu cha pua.
Bora: Tengeneza ekseli kwa feleji ya kaboni, ongeza kipenyo chake ili isipinde, na gumisha uso wake ili usilike.

Yenye utata: Roda ziwe za shaba.
Bora: Roda ziwe za shaba ya zinki, zizunguke juu ya ekseli ya feleji.

Yenye utata: Tumia nyuzi za chuma kisichoshika kutu.
Bora: Tumia nyuzi zilizozungushiwa feleji isiyoshika kutu inayovutwa na sumaku.

Yenye utata: Vidole vya kromu hudumu zaidi.
Bora: Vidole vya feleji vilivyochovywa kromu huchimbwa na nyuzi polepole zaidi kuliko vya alumini visivyochovywa.

Kwa mwalimu na mfasiri

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi wa metali, na kwa hiyo mfasiri hana budi kupachika neno la Kiingereza pembeni ya kila jina. Orodha iliyotangulia inaonyesha kinyume chake. Feleji, kusubu, kufua, kukereza, kalibu, kuchovya, roda, wenzo, ukakamavu: yote yamo katika lugha, na mengi yake ni ya zamani kuliko gitaa lenyewe. Kilichopungua ni mapatano juu ya neno lipi lishike maana ipi, na mapatano hayo hufanywa na waandishi, kila mmoja katika ukurasa wake.

Mwanafunzi anayefasiri mwongozo wa aina hii aulize maswali manne kabla ya kuandika jina la metali. Sehemu hii inafanya kazi gani? Kazi hiyo yahitaji ugumu, ukakamavu au uimara? Metali hiyo ina nini ndani yake? Juu yake pamechovywa nini? Akiweza kuyajibu yote manne, neno litakuja. Akishindwa kujibu hata moja, arudi kwenye matini ya asili, kwa kuwa jambo asiloelewa yeye, fundi hatalielewa kupitia kwake.